Uchaguzi Ulio Karibu Zaidi na Mlango wa Nyumba

Mtu akitaka kumdhamini nduguye aliyezuiliwa katika kituo cha polisi, au kuomba kitambulisho cha taifa, au kufungua akaunti benki, au kuuza kipande cha shamba alichorithi kwa babaye, haanzii kwa mkuu wa wilaya wala kwa mbunge. Huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji chake, ambaye aghalabu hana ofisi ila baraza ya nyumba yake, hana mshahara ila posho ijayo kwa nadra, lakini anao muhuri, na pasipo muhuri huo karatasi haiendi popote. Katika Mombo, mji mdogo ulio chini ya milima ya Usambara, pale ambapo barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inatoa tawi la kupanda Soni na Lushoto, jambo hili huonekana asubuhi yoyote ya siku ya kazi: mama ameshika bahasha yenye nakala za vyeti vya mwanawe, kijana wa bodaboda ameegesha pikipiki kivulini, na mzee mkulima wa mpunga ametoka katika skimu ya umwagiliaji na matope yangali miguuni, wote watatu wakimngoja mtu mmoja arudi kutoka msibani ili awaandikie barua na kuigonga muhuri. Mtu huyo hakuteuliwa na Rais wala hakutumwa na wizara. Aliwekwa na majirani zake kwa kura, na kura hiyo ndiyo nitakayo kuieleza hapa, kwa sababu naamini kwa yakini kwamba katika chaguzi zote tulizo nazo hapana iliyo karibu zaidi na mlango wa nyumba zetu, wala hapana tunayoipa fikira kidogo kuliko hiyo.

Serikali za mitaa katika Tanzania Bara zimepangwa kwa madaraja, na yafaa kuyaeleza taratibu, maana watu wengi huyachanganya. Chini kabisa mashambani ni kitongoji, na vitongoji kadhaa hufanya kijiji, ambacho huongozwa na Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, akiwamo mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote, na wanawake wasiopungua robo ya wajumbe. Katika miji, mahali pa kijiji hushikwa na mtaa. Juu ya hivyo ni kata, ambayo humchagua diwani mmoja, na madiwani wa kata zote pamoja na wanawake wa viti maalumu ndio wafanyao baraza la halmashauri ya wilaya au ya mji. Mombo ina hadhi ya Mamlaka ya Mji Mdogo, daraja lililo baina ya kijiji na mji kamili: eneo lake limegawanywa kwa vitongoji, na wenyeviti wa vitongoji hivyo ndio wakaao katika baraza la mamlaka hiyo, ilhali mamlaka yenyewe ingali chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe. Ama balozi wa nyumba kumi, ambaye wazee wetu wangali wakimpelekea mashauri yao, huyo ni kiongozi wa chama tawala, CCM, urithi wa siku ambazo chama na serikali vilikuwa kitu kimoja. Hachaguliwi na wakazi wote, na muhuri wa kitongoji haumhusu.

Wenyeviti wa vitongoji, vijiji na mitaa, pamoja na wajumbe wao, huchaguliwa kila baada ya miaka 5 katika uchaguzi wa peke yake, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika Jumatano ya tarehe 27 Novemba 2024, vituo vikifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, kwa vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000 vya Tanzania Bara. Na kwa hesabu hiyo zamu ijayo yatazamiwa mwaka 2029. Madiwani wao huchaguliwa siku moja na Rais na wabunge, kama ilivyokuwa tarehe 29 Oktoba 2025.

Asidhani mtu kwamba habari ya watu wa Usambara kumpima mtawala wao imeanza na masanduku ya kura. Kabla ya Wazungu, nchi hii ilitawaliwa na Wakilindi, kizazi cha Mbegha, na makao yao makuu yalikuwa Vugha, juu mlimani. Na Wasambaa walikuwa na kipimo kimoja cha ufalme, nacho ni kama nchi imepona au imeharibika, yaani kama mvua imenyesha, ndizi zimekomaa na watu wametulia, au kama njaa na vita vimeingia. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862 ufalme ulipasuka, na mwanawe Semboja, ambaye boma lake lilikuwa Mazinde, karibu sana na Mombo yetu, akaona kwamba nguvu mpya haziko tena mlimani penye matambiko bali ziko bondeni ipitapo misafara ya pembe na bunduki. Vita vilivyofuata vilidumu miaka mingi, na watu waliouzwa utumwani kwa sababu ya vita hivyo hawana hesabu. Mimi kila nipitapo Mazinde nafikiri kwamba mgogoro ule ulikuwa, kwa kiini chake, mgogoro wa mamlaka yaliyojitenga na watu: mtawala aliyekuwa akipata riziki yake kwa biashara ya wapitao njia hakuhitaji tena ridhaa ya wakulima waliokuwa wakimlisha.

Wajerumani walipoingia walimaliza hoja kwa kamba. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha, na katika nchi wakaeneza utawala wa maakida na majumbe, watu waliokuwa wakimjibu bwana mkubwa wa boma na si jirani zao. Reli itokayo Tanga ikafika Mombo mwaka 1905, na mji huu ukazaliwa hapo, mji wa stesheni, wa maduka na wa vibarua wa mkonge. Waingereza nao, kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, waliwarudisha Wakilindi kutawala kwa niaba yao, na hapo ndipo likatokea jambo ambalo kila anayetaka kujua thamani ya baraza la kuchaguliwa ni sharti alijue. Mwaka 1946 serikali ilianzisha katika bonde la Mlalo mradi wa kuhifadhi udongo, na baadaye ikaueneza Usambara: wakulima waliamriwa kulima kwa matuta katika miteremko mikali, kwa sheria na kwa faini, na waliosimamia amri hiyo walikuwa watawala wale wale ambao kwa taarikhi kazi yao ilikuwa kuiponya nchi. Kusudi la mradi halikuwa baya, kwa kuwa mmomonyoko wa udongo ulikuwa dhahiri kwa kila mwenye macho. Lakini wakulima, na hasa wanawake ambao jembe lilikuwa mikononi mwao, hawakuulizwa, na kazi ile ilikuwa ngumu kupita kiasi, na faida yake hawakuiona. Wakapinga, wakaandika malalamiko, wengine wakatozwa faini, mwisho wake mradi ukaachwa kabla ya uhuru, na wengi katika wapinzani wale wakaingia katika TANU, chama kilichopigania uhuru. Jambo jema likapotea kwa sababu halikupitia kwa watu.

Siku hizo hizo haki ya kupiga kura ilikuwa ya wachache. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ulioanza mwaka 1958, mpiga kura alitakiwa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au ashike cheo maalumu, masharti ambayo karibu wakulima wote wa milimani na vibarua wote wa mkonge hawakuweza kuyatimiza. Baada ya uhuru mambo yalikwenda mbio: mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa, mabaraza ya kuchaguliwa yakashika mahali pao, kisha mwaka 1972 mabaraza hayo nayo yakavunjwa na shughuli zake zikakabidhiwa watumishi wa mkoa na wilaya. Matokeo yake yalionekana katika barabara za udongo zilizokufa, zahanati zilizokosa dawa, na miji iliyojaa taka, hata serikali yenyewe ikakiri kwa vitendo kwa kutunga sheria za mwaka 1982 zilizozirudisha serikali za mitaa. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, uchaguzi wa kwanza kufanyika chini ya mpango huo kote Tanzania Bara haukuwa wa Rais; ulikuwa huu wetu wa vijiji, vitongoji na mitaa, mwaka 1994.

Basi moja katika sheria hizo za mwaka 1982, ambayo wachache wameisoma, imeweka jambo kubwa kuliko uchaguzi wenyewe. Mamlaka ya juu katika kijiji hayako kwa mwenyekiti, wala kwa halmashauri yake, wala kwa afisa mtendaji ambaye ni mwajiriwa. Yako kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, nao ni mkusanyiko wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Mkutano huo wapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, kusomewa mapato na matumizi, kupokea au kukataa mipango, na sheria imeupa uwezo wa kuchagua halmashauri na pia wa kumwondoa mjumbe mmoja au wote kabla ya muda wao kwisha. Fauka ya hayo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi Halmashauri ya Kijiji ardhi yote ya kijiji kama amana kwa niaba ya wanakijiji, na ikaweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu 7, wasiopungua 3 kati yao wakiwa wanawake, ili kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Kwa nchi kama Usambara, ambako shamba la ekari moja lililo kando ya kijito laweza kuwafarakanisha ndugu wa tumbo moja kwa miaka 20, na ambako mjane hujikuta akitolewa katika shamba la mumewe kabla hata arubaini haijafika, hapana uteuzi uwezao kuzidi uzito wa kuwachagua watu watakaosikiliza mashauri hayo.

Nimehudhuria mikutano ya namna hii vijijini, chini ya mwembe au katika chumba cha darasa, na nitataja jambo moja nililoliona kwa karibu. Afisa mtendaji alisimama akasoma mapato kwa sauti ya haraka, jumla kwa jumla, akaketi. Wanaume waliokuwa mbele wakaanza kuinuka. Ndipo mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, kanga begani, akanyoosha mkono akasema, “Mwenyekiti, samahani, naomba mtendaji aturudie pale pa ushuru wa soko, mwezi kwa mwezi, na atuonyeshe stakabadhi.” Mwenyekiti akamtazama mtendaji, mtendaji akaufungua upya mkoba wake, na mkutano ambao ungekwisha kabla ya saa sita ukaendelea hata adhuhuri ikapita. Sikusikia neno la hasira. Lakini tangu siku hiyo watu wa pale walijua nani anaweza kusoma hesabu na nani hawezi, na elimu hiyo haikupatikana kwa kampeni.

Ndiyo maana nasema kwa msisitizo kwamba uchaguzi huu huanza siku nyingi kabla ya siku yake. Kampeni za mwaka 2024 zilidumu siku 7 tu, kuanzia tarehe 20 hadi 26 Novemba, na katika siku 7 mtu aweza kusikia nyimbo na kupewa fulana, lakini hawezi kumjua mtu. Mgombea anatakiwa awe amefikia miaka 21, awe mkazi wa mahali hapo, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na shughuli halali ya kumpatia kipato. Hayo ni masharti ya sheria, nayo hayasemi lolote juu ya kama atakuwapo nyumbani saa ya shida, kama ataomba soda ndipo agonge muhuri, kama ataitisha mkutano au ataukwepa. Hayo hujulikana kwa miaka 5 ya kumtazama, na mkazi ambaye hakukanyaga mkutano hata mmoja huenda kituoni akiwa na chama tu kichwani.

Na hapa nafika mahali pazito, ambapo mwandishi akinyamaza atakuwa amewadhulumu wasomaji wake. Sheria yetu inamtaka kila mgombea adhaminiwe na chama cha siasa. Mgombea binafsi haruhusiwi, ijapokuwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapo Arusha, iliamua mwaka 2013 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba zuio hilo linavunja haki za raia. Kwa hiyo fomu ya chama ikikataliwa, jina la mtu limekwisha. Mwaka 2014 vyama vya upinzani vilipata vijiji, mitaa na vitongoji kwa maelfu. Mwaka 2019 wagombea wao wengi walienguliwa kwa makosa ya kujaza fomu, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na CCM ikapata takriban viti vyote. Mwaka 2024 malalamiko ya kuenguliwa yakarudi, na chama hicho kikatangazwa kupata zaidi ya asilimia 98. Uchaguzi huo ulisimamiwa na wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), wala haukusimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ijapokuwa sheria ya Tume ya mwaka 2024 imetaja kazi hiyo, kwa kuwa sheria ya kuikabidhi rasmi haikutungwa kabla ya siku ya kura. Mimi sina shaka kwamba katika vitongoji vingi mshindi angeshinda hata kwa ushindani mkali, kwa sababu ni mtu apendwaye. Lakini mtu apendwaye hapungukiwi na kitu kwa kuwekewa mshindani, na mpiga kura aliyekuta jina moja tu katika karatasi amenyimwa kazi yake yenyewe, ambayo ni kuchagua. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 uliingia katika taarikhi yetu kwa huzuni, maana ghasia zilizuka katika miji kadhaa na watu wakapoteza maisha. Na naona kwamba mazoea ya kushindana bila uadui hayawezi kujengwa katika ngazi ya juu ikiwa hayakujengwa kwanza baina ya majirani wanaogombea uenyekiti wa kitongoji.

Nchi nyingine zina njia zao. Kenya, tangu mwaka 2013, ina kata 1,450 zinazochagua wajumbe wa mabaraza ya kaunti, na mgombea binafsi anaruhusiwa. Uganda mwaka 2018 iliwachagua wenyeviti wa vijiji kwa watu kupanga mstari nyuma ya mgombea wao, njia isiyo na gharama lakini isiyo na siri. Katika Uingereza uchaguzi wa madiwani hufanywa aghalabu Alhamisi ya kwanza ya Mei. Manispaa zote 32 za London huchagua madiwani wao kwa pamoja kila miaka 4, na zamu ya mwaka 2026 ni ya tarehe 7 Mei. Mambo yanayoshindaniwa huko ni yale yale ya kwetu: taka, barabara za mtaa, nyumba, ruhusa za ujenzi, kodi, na watokeao kupiga kura katika chaguzi hizo aghalabu hawazidi sana theluthi ya walioandikishwa. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba raia wa Jumuiya ya Madola akaaye huko kihalali, Mtanzania akiwamo, ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura ya madiwani ijapokuwa si raia wa Uingereza, na akitimiza masharti zaidi aweza kugombea. Kijana wa Mombo aliye London ana kauli juu ya diwani wa mtaa wake wa kule, ilhali sheria zetu hazijampa njia ya kupiga kura ya nyumbani akiwa ng’ambo. Natamani siku moja zimpe.

Tukirudi kwa diwani wa kwetu, mambo mawili yatosha kutajwa. Kwanza, baraza la madiwani ndilo lipitishalo bajeti ya halmashauri na sheria ndogo, na ndilo lisimamialo kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani inakwenda katika mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa 4, 4 na 2. Kikundi cha akina mama wa sokoni kilichoomba mkopo kisijibiwe kina haki ya kumuuliza diwani wao, kwa kuwa fedha hizo zilipitia mikononi mwake. Pili, mipaka ya kura haifuati mipaka ya maji. Mito inayonywesha mpunga wa Mombo yatoka milimani, katika vyanzo vilivyo chini ya halmashauri nyingine, na mkulima wa bondeni hana kura juu ya diwani wa yule anayelima ukingoni mwa kijito huko juu. Asipokuwa na diwani mwenye akili ya kukaa na wenziwe wa ng’ambo ya mpaka wakapatana juu ya miti na mifereji, mfereji wake utakauka ingawa kura yake ilihesabiwa sawasawa.

Limebaki la kujiandikisha. Daftari la kudumu la Tume na orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa ni vitu viwili mbalimbali: orodha hii huandikwa upya kila uchaguzi, katika kitongoji au mtaa akaapo mtu, kwa siku chache tu. Mwaka 2024 ilifunguliwa tarehe 11 Oktoba ikafungwa tarehe 20, kisha majina yakabandikwa ili kila mtu alitafute lake na kuweka pingamizi kama kuna kosa. Aliyekuwa safarini siku hizo 10, au aliyedhani kwamba kadi yake ya Tume yatosha, hakupiga kura, na mwenyekiti aliyewekwa na wenziwe ndiye anayemgongea muhuri mpaka 2029.